Kompyuta za vyuo ziwasomee na wasioona

Mhariri,

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye uoni hafifu, na jambo hili linaniuma. Wakuu wengi wa vyuo hudhani kumwezesha asiyeona kutumia kompyuta ni gharama kubwa. NVDA, programu inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini, inatolewa bure tangu 2006! Anatakiwa fundi tu wa kuiweka kwenye kompyuta zote za maktaba, badala ya ile moja iliyofungiwa chumbani.

Kinachotuumiza zaidi ni vitabu vilivyoskaniwa kama picha, kwani kwa kawaida programu haioni maneno ndani ya picha. Juzi mwenzangu asiyeona alifungua somo la wiki nzima, akavaa hedifoni, akasikia "tupu" kila ukurasa. Ikabidi nimsomee mimi, pua ikigusa skrini, hadi macho yakanitoka machozi. Tuliishia ukurasa wa tisa, na mtihani ulikuwa kesho yake.

Nawaomba wahadhiri: kabla ya kutuma faili, jaribuni kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa kuchaguliwa, basi kwa kawaida hata programu yetu haitalisoma. Tutumieni matini halisi, tena mapema.

Mwanafunzi mwenye uoni hafifu