Pilipili ya New Mexico hubabuliwa, haichomwi

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa mapishi ulieleza jinsi ya "kuchoma" pilipili za kijani za New Mexico, Marekani. Mpishi aliambiwa achukue pilipili mbuzi kumi, azitie kwenye oveni nusu saa, kisha azimenye huku akiziosha chini ya bomba. Atakayefuata maelekezo hayo ataishia na rojo kali lisilolika, na ile harufu, ambayo ndiyo mali yenyewe, itakuwa imekwenda na maji.

Kosa limeanzia kwenye neno "kuchoma". Muhindi huchomwa, muhogo huchomwa, na tunataka uive hadi ndani. Pilipili hii hubabuliwa. Moto unatakiwa uiguse ngozi, uitoe malengelenge, uiachanishe na nyama, basi. Ngozi yake ni kama karatasi ya plastiki. Hata ukiichemsha saa nzima utaitema. Huko kwao, Agosti na Septemba, watu huzungusha mapipa ya wavu wa chuma mbele ya ndimi za moto wa gesi, na gunia zima humalizika kwa dakika chache. Harufu hiyo jimbo limeipenda kiasi kwamba mwaka 2023 lilipitisha sheria ya kuifanya harufu rasmi ya New Mexico.

Pili, Hatch si jina la mbegu kama mlivyoandika. Ni mji mdogo katika bonde la mto Rio Grande, na mbegu zinazolimwa pale zina majina mengine. Nyingi zinatokana na kazi ya Fabián García, mtaalamu wa bustani mzaliwa wa Mexico, aliyetoa aina ya New Mexico No. 9 mwaka 1921 katika chuo ambacho leo ni New Mexico State University. García alitafuta tunda refu, lenye nyama, laini nje na lisilo na mabega. Mabega ni ile sehemu inayotuna kuzunguka kikonyo. Shika hoho mkononi utaelewa: ina mabega na mabonde, moto unaunguza mabega huku mabonde yakibaki mabichi. Tunda lililonyooka hubabuka sawasawa na kumenyeka kwa mkono mmoja. Mwaka 1975 Roy Nakayama wa chuo hichohicho alitoa NuMex Big Jim, ambayo tunda lake hufika sentimita 30.

Pilipili mbuzi na pilipili kichaa hazifai kwa kazi hii. Nyama yake ni nyembamba mno, ukibabua ngozi umeunguza vyote. Mwenye hoho tu sokoni achague nzito, ndefu na yenye mabonde machache, aibabue, kisha akatie humo kipande cha pilipili mbuzi mbichi. Haitakuwa ya New Mexico lakini italiwa.

Anayetaka ya kweli aipande. Mbegu za kutoka nje zinahitaji kibali cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya serikali inayohusika, kwa Tanzania TPHPA na kwa Kenya KEPHIS. Kuzificha kwenye begi la mgeni ni kuleta magonjwa nyumbani. Aina iitwayo Anaheim ni ndugu wa damu: mbegu yake ilitoka New Mexico ikapelekwa California. Ni ya upole zaidi, lakini hubabuka vizuri.

Sia mbegu kwenye kitalu au trei, kina cha sentimita moja, usizidishe. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 27 hadi 30 zitaota ndani ya wiki moja hadi mbili. Kwenye baridi ya Juni kule Arusha au Limuru zinaweza kukaa hata wiki tatu, na wengi hufukua wakidhani zimekufa. Maji mengi kitaluni huleta kinyausi, yaani mche unasinyaa shingoni usawa wa udongo na kulala. Baada ya wiki sita hadi nane mche una majani sita au zaidi. Hamishia jioni, sentimita 45 kati ya mche na mche na 75 kati ya mistari, kila shimo viganja viwili vya samadi iliyooza vizuri. Usipande palipotoka nyanya, viazi mviringo, bilinganya au tumbaku, kwa sababu ugonjwa wa mnyauko unabaki udongoni ukisubiri jamaa wa ukoo huohuo.

Suala la joto la usiku halikutajwa kabisa, na ndilo linalowavunja moyo watu wa pwani. Hatch iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua kali, usiku hewa inapoa. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 24, au mchana ukivuka 35, chavua inaharibika na maua yanapukutika hata mmea uwe na afya ya kutosha. Ndiyo maana mkulima wa Dar es Salaam anaona majani mengi Februari bila tunda hata moja, akamlaumu muuza mbegu. Asie Aprili, maua yamkute Julai. Chanzo kingine cha maua kupukutika ni mkono wa mkulima: urea nyingi huleta kichaka kizuri cha kutazama tu.

Maji ndiyo yanayotengeneza unene wa nyama. Lita 25 hadi 40 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, zigawanywe mara mbili au tatu, na chini kuwe na matandazo ya nyasi kavu. Ukiacha udongo ukauke kabisa kisha ukafurikisha, kitako cha tunda kitageuka kahawia na kuzama kama ngozi ya kiatu. Huo si ugonjwa wa kupulizia dawa. Kalisiamu haikufika kwenye ncha kwa sababu husafiri na maji, na maji yalikatika. Kinyume chake, bustani inayotuama hata siku moja hukaribisha uozo wa mizizi, na mmea hunyauka ukiwa umesimama ndani ya maji.

Majani machanga yakijikunja kwenda chini, yakawa membamba na kung'aa rangi ya shaba upande wa chini, angalia utitiri kwa kioo cha kukuzia. Dawa nyingi za wadudu haziuui. Salfa ya kunyunyizia huuua. Pulizia jioni, kwani jua kali juu ya salfa huunguza majani. Na majani msiyapunguze ili "tunda lipate mwanga": tunda lililovuliwa kivuli hubabuliwa na jua kabla ya kuonja moto, likabaki na doa jeupe laini linalooza.

Kuvuna kuna alama yake. Tunda limefikia urefu wake, linang'aa, ni gumu, na ukilibonyeza kwa vidole linalia "kach". Likibonyea kimya bado changa. Ngozi ya tunda changa imegandamana na nyama na itatoka vipandevipande. Yakiachwa mtini yanakuwa mekundu, ambayo ni pilipili ileile iliyoiva. Kule huyakausha na kuyasaga kwa mchuzi mwekundu.

Sasa moto. Futa tunda likauke kabisa, kwa sababu maji juu ya ngozi huleta mvuke na mvuke hupika. Litoboe kidogo karibu na kikonyo, lisije likapasuka usoni pako. Jiko la mkaa liwe limekolea, makaa yamevaa majivu meupe, wavu uwe sentimita tano hadi nane juu yake. Panga safu moja, geuza kwa koleo kila dakika mbili. Kwa dakika sita hadi nane ngozi yote itakuwa imetuna na sehemu kubwa kuwa nyeusi, huku ukishika kikonyo tunda bado linasimama. Likipinda kama kamba umechelewa. Hapa ndipo moto hafifu unapodanganya: mtu anaona ni wa usalama, kumbe nyama inaiva taratibu na kulegea kabla ngozi haijaachia. Fanyia nje au mlango ukiwa wazi. Moshi wake unakohoza nyumba nzima.

Tia papo hapo kwenye sufuria yenye mfuniko, dakika 10 hadi 15. Mvuke wa pilipili zenyewe humalizia kuachanisha ngozi. Ukizisahau saa nzima zitaendelea kujipika na kuwa rangi ya kaki. Vaa glavu, vuta ngozi kuanzia kikonyoni kwenda nchani. Bakuli la maji liwepo kwa ajili ya kusuuza vidole, si pilipili. Madoa machache meusi yakibaki hayana neno. Ukali uko kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, kwa hiyo anayeogopa aukwangue huo. Mkono ukiwaka, paka mafuta ya kupikia kwanza, ndipo sabuni, kwa sababu ukali wenyewe hauyeyuki kwenye maji.

Za kuhifadhi zigandishwe na ngozi zake kwenye friza. Siku ya kutumia, ngozi hutoka kwa urahisi zaidi. Picha yenu ya chupa ya pilipili zilizolowekwa kwenye mafuta, imekaa dirishani, tunaomba muisahihishe toleo lijalo. Pilipili hazina asidi ya kutosha, mafuta huzuia hewa, na hapo ndipo bakteria wa botulizimu wanapotengeneza sumu isiyo na harufu wala ladha. Kuchemsha chupa kwenye sufuria ya kawaida hakuui mbegu za bakteria hao. Chupa ya namna hiyo ikae kwenye friji na imalizwe ndani ya siku nne.

Wasomaji wenu,
Usa River, Arusha