Ada ya moto tunalipa, gari la zimamoto liko mjini

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme jambo kuhusu ada ya zimamoto tunayotozwa sisi wenye maduka vijijini.

Kila mwaka nikienda kukata leseni ya biashara, ndani yake mna ada ya ukaguzi wa moto. Nisipoilipa, leseni haitoki. Mwenye duka la simu katikati ya mji naye hulipa yake. Lakini yeye akipiga simu, gari la zimamoto humfikia kabla paa halijaanguka. Mimi niko zaidi ya kilomita hamsini kutoka kituo hicho hicho, na kipande cha mwisho ni barabara ya vumbi. Mwaka juzi maduka matatu ya soko letu yaliteketea usiku. Tulihangaika na ndoo, mchanga na matawi ya mwarobaini hadi karibu alfajiri. Gari lilipowasili, palikuwa na mabati yaliyojikunja na harufu ya mchele ulioungua, basi. Wale vijana waliokuja nalo siwalaumu. Walikimbia kadiri barabara ilivyowaruhusu.

Juzi kwenye kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, bwana mmoja mkazi wa mjini alipendekeza watu wa mashambani wawe wakilipia gari kila linapotoka kwenda kwao, kwa sababu watu wa mjini ndio wanaolipa kodi ya ardhi. Alipigiwa makofi. Na kwa upande mmoja hakukosea: wenye viwanja mjini hulipa kodi hiyo kwa kaunti, ilhali mashamba yetu mengi hayatozwi.

Hata hivyo, pendekezo lake litatuumiza sote. Gharama kubwa ya zimamoto ni kungoja. Wazimamoto wa zamu ya usiku lazima walipwe mshahara hata usiku ambao hakuna kilichoungua, na gari lazima litunzwe tairi, betri, pampu na mipira yake ya maji. Ukiamua gharama hiyo ilipwe na yule aliyeunguliwa, unamdai mtu aliyetoka kupoteza kila kitu. Tena watu wataogopa kupiga simu. Huku kwetu nyumba nyingi ni za makuti na zimekaribiana. Moto wa jikoni ukifichwa kwa robo saa tu kwa kuogopa bili, upepo wa kusi utaupeleka kwa majirani wote.

Kuna waliokwisha kuujaribu mfumo wa namna hiyo. Katika kaunti ya Obion, jimbo la Tennessee huko Marekani, wakazi wa nje ya mji wa South Fulton walitakiwa kulipa dola 75 kwa mwaka ili wahudumiwe na zimamoto ya mji. Septemba 2010 nyumba ya familia ambayo haikuwa imelipa ilishika moto. Wazimamoto walifika, wakazuia moto usiingie kwa jirani aliyelipa, na nyumba ile wakaiacha iteketee, ingawa mwenyewe alijitolea kulipa pale pale. Sitaki kuona wazimamoto wetu wakiwekwa katika hali ya kusimama na mpira wa maji mkononi huku wakiangalia orodha.

Katiba yetu ya 2010 inasema katika Kifungu cha 201 kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 209 kinaruhusu serikali za kaunti kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Zinazotoa, mhariri. Na Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto, na kaunti haiishii kwenye mzunguko wa barabara wa mjini.

Tena wakazi wa mjini wasidhani moto wa kijijini hauwahusu. Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wanafunzi 67 walikufa bwenini. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, watoto 21. Shule za bweni nyingi ziko mashambani, na vitanda vyake vimejaa watoto wa watu wa mjini.

Sisi hatuombi gari jekundu kila kijiji. Tunaomba ada za moto zinazokusanywa ziwe na fungu lake, na bajeti ionyeshe kila wadi imetoa kiasi gani na imepata nini. Kwenye kila soko kubwa la mashambani pawekwe tangi la maji lisilokauka, pampu inayoweza kubebwa na pikapu, na vijana wa bodaboda waliofunzwa, walipwe posho wakiitwa. Aliye karibu na kituo alipe zaidi, maana analindwa zaidi. Aliye mbali apunguziwe ada hadi huduma imfikie, na ikishamfikia alipe kama wenzake. Mimi nitalipa bila kunung'unika.

Bunge la kaunti linatakiwa kupitisha bajeti kabla ya Juni 30. Risiti zangu za leseni za miaka sita nimezitia kwenye bahasha, na kwenye kikao kijacho nitamkabidhi mwakilishi wetu wa wadi nakala, moja baada ya nyingine, mbele ya watu.

Mwenye duka la rejareja,
Pwani, Kenya