Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Vitabu vya Hisabati vya Ngazi

Ndugu wanachama, wazazi, walezi na walimu wa kitengo chetu cha elimu maalumu,

Assalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, na orodha ya vikao anayo katibu. Muda wangu karibu wote nautoa kwa vitabu vya hisabati vya ngazi, maana huko ndiko nguvu yetu ya mwaka mzima ilikokwenda.

Mnakumbuka tulikotoka. Watoto walikuwa wakinakili ubaoni. Mtoto wa miaka 14 aliandika 24 + 13 kwa mwandiko safi, mzazi akafungua daftari akafurahi, kumbe mtoto hajui kama saba ni nyingi kuliko tano. Walimu wetu wakampima kila mtoto peke yake kwa vizibo vya soda na vijiti, wakaandika anachokiweza na pale anapokwama. Ndipo tukaona kwamba darasa moja lina watoto wa ngazi nyingi, na kwamba umri wa mtoto hauelezi ngazi yake.

Kwa hiyo vitabu vyetu vya ngazi ni vijitabu, na kila mtoto anapewa cha ngazi yake. Kijitabu kimoja kina hatua moja tu. Ukurasa una maswali manne kwa maandishi makubwa, bila picha za mapambo, kwa sababu mtoto mwenye usonji anaweza kuliangalia ua lililochorwa pembeni mpaka kengele ilie. Anaanza na vitu vya kushika, anafuata michoro ya vitu hivyo, kisha tarakimu. Mwalimu anaweka alama: bado, kwa kusaidiwa, mwenyewe. Mtoto anapanda ngazi akishafanya mwenyewe katika siku tatu tofauti. Najua wapo wazazi walioona tunawachelewesha watoto. Lakini anachokiweza Jumatatu na kukisahau Alhamisi bado hajakishika, na sisi wenye watoto hawa tunalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Niwasimulie la namba ishirini, maana limenifundisha mengi. Kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa Kiswahili kinambeba mtoto: kumi na tatu, kwa mfano, jina lenyewe linamwambia kuna kumi, na kuna tatu juu yake. Akifika ishirini jina linanyamaza. Thelathini na arobaini ni vivyo hivyo, majina tuliyoyapokea kutoka Kiarabu. Watoto wetu kadhaa walikuwa wakihesabu vizuri, "kumi na nane, kumi na tisa, kumi na kumi," nasi tukiwasahihisha kila siku. Mwalimu mmoja ndiye aliyetuzindua: anayesema kumi na kumi hesabu yake ni sahihi kabisa, alichokosa ni jina. Sasa hatua hiyo ina kijitabu chake. Mtoto anafunga vijiti kumi kumi kwa mpira, anaweka mafungu mawili mezani, anaambiwa: makumi mawili, jina lake ishirini. Siku mtoto wa kwanza alipovuka hapo, walimu walipiga vigelegele.

Kijitabu cha saa kilitushinda, tukakiondoa. Mshale mfupi uko kwenye 7, nasi tunamwambia ni saa moja! Mtoto aliyehangaika miezi kuijua 7 anaona tumemgeuka. Mwakani walimu wataanza na saa isiyo na tarakimu, mtoto ajifunze mkao wa mshale pamoja na shughuli yake: kwenda shule, kula mchana, kurudi nyumbani. Na kwenye fedha tumeacha sarafu za kuchapwa, kwani kwenye durufu sarafu ya shilingi 100 na ya 200 hazitofautiani. Tunatumia sarafu zenyewe, za 50 hadi 500, na zoezi la mwisho linafanyika dukani.

Kosa la Septemba ni la kamati, na kwanza ni langu. Tulitarajia wageni, tukawaomba walimu wapandishe watoto ngazi ili maendeleo yaonekane. Baadhi ya watoto walianza kulia wakiona kitabu, mmoja akakichana. Wamerudishwa kwenye ngazi zao, na wazazi wao nawaomba radhi mbele yenu. Tulikosea pia tulipowaachia watoto vijitabu wiki ambayo mwalimu alikuwa mgonjwa. Kurasa zilijaa, lakini kwa namba zozote tu. Kijitabu kinahitaji mtu mzima aliyeketi kando ya mtoto, na kwa hiyo kamati inapendekeza zamu ya wazazi wawili kila wiki.

Karatasi ndiyo gharama yetu kubwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaitambua haki ya watoto wetu kusoma, na kwa msingi huo tunaiandikia halmashauri. Wakati tukisubiri jibu, atakayeweza alete rimu moja, na asiyeweza alete vizibo.

Kadi za maendeleo ziko mezani kwa mwalimu. Kila mzazi achukue ya mwanawe kabla hatujaingia kwenye uchaguzi, aulize palipoandikwa "bado", na aonyeshwe namna ya kulifanya zoezi hilo nyumbani.