Tuna shilingi 30,000 tu za kuitangaza programu yetu ya mafundi. Tuzitumie vipi?

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu kutoka Kayole. Mimi na shemeji yangu tumetengeneza programu ya simu kwa ajili ya mafundi wa nguo. Fundi anaingiza vipimo vya mteja, picha ya mtindo, arubuni aliyopokea na siku ya kuchukua nguo. Siku ikikaribia simu inamkumbusha, na mteja anatumiwa risiti kwa WhatsApp. Unajua jinsi mafundi wa mji huu wanavyosemwa, eti kila siku ni "njoo kesho" mpaka harusi inapita. Wengi wao si waongo. Daftari limejaa, kurasa zimechanika, na vipimo vya watu wawili vimeandikwa pamoja bila jina.

Programu inafanya kazi vizuri. Kinachotutatiza ni kuifikisha kwa mafundi, maana tumebaki na shilingi 30,000 na hatutarajii nyingine karibuni.

Kwenye Google Play tulilipa dola 25, ada ya mara moja. Apple wanatoza dola 99 kila mwaka, kwa hiyo tuliachana nao. Mafundi tunaowalenga karibu wote wana Android. Halafu Google hutaka programu ya mtu binafsi mwenye akaunti mpya ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kufunguliwa umma. Tuliwaomba mafundi wenyewe, wa Kawangware na wa Kenyatta Market anakoshona shangazi yangu. Tulikaa nao vibandani, tukaingiza wateja wao wa kwanza pamoja, huku cherehani zikiendelea kulia. Wengi wanaitumia hadi leo, na mama mmoja anayeshona vitenge hagusi tena daftari.

Baadaye tulilipia tangazo dogo kwenye mtandao mmoja wa kijamii. Watu walipakua kwa wingi, tukafurahi, kisha wakaifuta kabla ya kuingiza hata mteja mmoja. Naamini baadhi hawakuwa mafundi kabisa. Lakini hata fundi halisi akiifungua akiwa peke yake anakuta ukurasa mtupu, na ukurasa mtupu haumwonyeshi faida yoyote. Faida huonekana wateja wakishakuwa wengi humo ndani, siku mteja wa mwaka jana anaporudi na vipimo vyake vipo. Tangazo haliwezi kumfikisha hapo. Mtu aliyeketi kando yake anaweza.

Sasa ushauri tunaopewa unapingana. Shemeji anataka fedha zote tumpe kijana mmoja wa TikTok mwenye wafuasi wengi, atutengenezee video. Rafiki yetu anasema tununue upakuaji na maoni ya nyota tano ili tupande juu kwenye orodha. Hilo la pili nimelikataa katakata. Kanuni za Google Play zinalikataza na programu inaweza kuondolewa. Na hata isingeondolewa, nisingeweza kumdanganya fundi kuhusu kitu anachokabidhi riziki yake.

Mimi naona tuwatumie mafundi wanaoipenda tayari. Kila mmoja awafundishe jirani zake wa sokoni, nasi tumlipe shilingi 200 kwa kila jirani ambaye baada ya mwezi bado anaingiza wateja. Akipakua na kuiacha, hatulipi. Shemeji alipiga hesabu papo hapo: shilingi 30,000 ni mafundi 150, na hapo hujatoa hela ya bando wala nauli ya matatu. Anauliza mafundi 150 watatufikisha wapi, na kusema kweli sina jibu. Soko la Gikomba peke yake ni bahari ya mafundi.

Kuna pia suala la majira. Kuanzia Desemba mafundi wanashona nguo za Krismasi, kisha sare za shule hadi Januari. Ndipo wanapoihitaji programu kuliko wakati wowote, na ndipo hawana hata dakika ya kumsikiliza mtu. Februari wana nafasi, lakini wateja wa kuingiza ni wachache. Sijui tuwaendee lini.

Na hii risiti ya WhatsApp: shemeji anataka tuandike jina la programu chini yake, kwa kuwa mteja huyo huyo ana mafundi wengine, na ni tangazo lisilo na gharama. Naogopa fundi ataona tunajitangaza kwa wateja wake. Wameshatuuliza mara nyingi namba za wateja zinaenda wapi. Tunawaambia ukweli, kwamba zinabaki kwenye simu ya fundi, na kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Imani hiyo tumeipata kwa jasho na sitaki tuipoteze kwa mstari mmoja wa tangazo.

Naomba unijibu haya. Je, malipo kwa fundi anayefundisha jirani yanafaa, au yatageuza urafiki wa sokoni kuwa biashara? Kama tungemtengea kijana wa TikTok sehemu ndogo, iwe kiasi gani? Na kwa risiti, tuwaombe mafundi ruhusa kwanza, au tuache kabisa? Wasomaji waliowahi kusambaza programu masokoni nao nawaomba wachangie.

Natanguliza shukrani.

Msomaji wako,
Kayole, Nairobi