Michopo ya bustani za michezo

Mheshimiwa mhariri, jambo sana kutoka Lubumbashi.

Naandika juu ya chakula cha hizi bustani za michezo tunapopeleka watoto siku ya Mungu. Bei sio kitu kinanichukiza sana, kila mtu anajua mwenye bembea na mtelezo atalipisha kuliko mama wa soko ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kuna jenereta, kuna walinzi, hiyo naelewa. Shida ni kile unaletewa: michopo, ile nyama ya kuchoma, nje imeungua ndani baridi, ilichomwa asubuhi ikarudishwa motoni, bukari (ugali) imeshika ngozi juu, na samaki eti ya Kasenga, ya mto Luapula, kumbe ni thomson, samaki ya bahari iliyogandishwa ya frigo! Mimi napima hivi, je, hii sahani ningeilipa kama mtoto hakuwa analia njaa?

Halafu getini wanakupekua begi, chakula cha nyumbani marufuku. Disneyland ya California, ile iliyofunguliwa 1955, inaruhusu mtu aingie na chakula chake, wanakataa vitu kama pombe na chupa za glasi, sasa sisi huku hata viazi vya kuchemsha tunanyang'anywa? Waturuhusu kuingia na sahani zetu, ama basi wachome nyama wakati mtu ameagiza.