Usiku wa kuunganisha ndege upangwe kabla ya kuondoka KIA

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwafikie wasafiri wa Arusha na Moshi pamoja na mawakala wenzetu wanaowakatia tiketi. Anayetoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwenda mbali kwa kawaida hubadilisha ndege Addis Ababa, Doha, Istanbul au Amsterdam, na mara nyingi tiketi ya bei nafuu ndiyo yenye kungoja usiku kucha. Mahali atakapolala huamuliwa siku ya kukata tiketi. Akisubiri kuuliza akishafika huko, amechelewa.

Kwanza ulizeni kama safari yote iko kwenye bukingi moja, yaani imeandikishwa pamoja kwa namba moja. Ikiwa ni moja, begi kubwa kwa kawaida hufungwa lebo hadi mwisho wa safari, na msafiri anaweza kupewa pasi zote mbili za kupandia ndege hapo hapo KIA. Zikiwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali, huenda akalazimika kuingia nchi ya katikati, kuchukua mzigo wake na kujiandikisha upya, kwa hiyo atahitaji viza ya nchi ambayo hakukusudia hata kuitembelea. Asipokuwa nayo, huzuiwa KIA, na fedha za tiketi ya pili hupotea.

Hoteli ya bure pia hufuata bukingi. Ethiopian Airlines, kwa mfano, hutoa chumba kwa anayengoja zaidi ya saa 8 na chini ya 24, pale tu ambapo haikuwepo ndege ya mapema zaidi ya kuunganisha. Aliyechagua mwenyewe kungoja kwa sababu bei ilikuwa chini hana haki hiyo. Turkish Airlines nao wana utaratibu wao, na saa zinazotakiwa hutofautiana kati ya daraja la kawaida na la biashara. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo wakala ayathibitishe na shirika na vocha iombwe mapema. Bila vocha mkononi, msafiri huanza foleni ya dawati la hoteli akiwa na watu wa ndege tatu nne zilizotua pamoja.

Anayejilipia aangalie chumba kiko upande gani wa uhamiaji. Jina la hoteli kuwa na neno Airport halina maana kwamba iko ndani. Doha, hoteli ya Oryx iko ndani ya eneo la wanaobadilisha ndege, hakuna haja ya viza. Schiphol, uwanja wa Amsterdam, kuna hoteli ya YOTELAIR ndani vilevile, lakini upande wa safari za nje ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani: anayeendelea Paris alale kabla ya kupita dawati la pasipoti, maana akishapita hoteli imebaki nyuma. Istanbul ndiko watu hukosea zaidi, kwa kuwa hoteli ya YOTEL ina vyumba pande zote mbili na huuzwa kwa majina yanayofanana. Ukinunua cha nje bila viza, chumba kipo na hukifikii.

Halafu tarehe. Tiketi ikiandika kufika 01:15 tarehe 15, hiyo ni saa saba na robo usiku wa kuamkia tarehe 15. Chumba cha hoteli ya kawaida kiandikwe kuanzia tarehe 14. Aliyeandika 15 ataambiwa mapokezi kwamba chumba chake kinaanza saa nane mchana, na hapo ndege yake imeshaondoka. Saa za Addis, Doha na Istanbul ni sawa na zetu mwaka mzima. Amsterdam iko nyuma kwa saa mbili, au saa moja wakati wao wa kiangazi. Addis kuna jambo la kuangaliwa: Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi, ilhali mbao za uwanjani hufuata saa za kimataifa. Mwambieni dereva wa basi la hoteli aandike saa ya kuwafuata kwa tarakimu za saa za kimataifa, 06:00 au 12:00, isiishie mdomoni.

Kungoja saa tisa hakukupi usingizi wa saa tisa. Kushuka, foleni, uhamiaji na basi ni kama saa mbili, na kurudi uwanjani ni saa tatu kabla ya ndege. Zinabaki nne. Kwa maoni yetu, chini ya saa nane ni afadhali kubaki ndani.

Kwa bukingi moja, begi kubwa hutaliona usiku huo. Dawa, hasa insulini, sweta, nguo ya kulalia na chaja viwe kwenye begi la mkononi, na vimiminika visizidi mililita 100 kila chupa. Plagi yetu ya pini tatu bapa huingia Doha. Addis, Istanbul na Amsterdam matundu ni mawili ya duara, hivyo adapta inunuliwe mjini kabla ya safari.

Kurudi nako kuna sharti lake. Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi yenye ugonjwa huo, na Ethiopia na Kenya zimo. Sindano ichomwe siku 10 kabla ya safari. Cheti hudumu maisha yote, hivyo cha zamani kitafuteni kabatini kabla ya kwenda kuchomwa tena.

Tunawaomba mawakala wa Arusha na Moshi wamwandikie kila mteja, kwa Kiswahili na kwenye karatasi ile ile ya ratiba: bukingi ni moja au mbili, saa za kungoja ni ngapi, hoteli inalipwa na nani, na viza inahitajika au la. Ni mistari minne, na mteja aikatae tiketi isiyo nayo.

Wakata tiketi,
Arusha