YAH: SPONJI MLIZONIUZIA KWA MADAI YA KUZUIA SAUTI

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najitahidi kuandika kwa heshima.

Chumba changu cha sinema mmekibandika sponji kuta zote. Mwangwi umeisha, sikatai. Lakini besi ya sabufa inatikisa chumba cha pili vilevile kama zamani. Mimi niliagiza sauti isitoke, na ninyi mnajua sponji haifanyi kazi hiyo: ni nyepesi, hewa inapita. Sauti huzuiwa na uzito na kuziba mianya. Ukuta ukiongezwa uzito mara mbili, inayopenya hupungua kwa takriban desibeli 5 au 6. Kwa bajeti yangu hiyohiyo ndogo, tabaka la pili la jipsamu, silikoni kwenye nyufa na mpira chini ya mlango vingenisaidia zaidi. Chini ya mlango ule hadi leo kidole kinapita!

Lililoniuma ni hili. Nilimwita fundi wenu aje asikie mwenyewe. Akasimama mlangoni, akacheka, akaniambia mbele ya mama yangu: "Kwa hela hii ulitaka studio? Punguza sauti."

Siku ya kupima chumba, mtu huyohuyo aligonga ukuta akaniapia kuwa jirani hatasikia kitu. Bei mlipanga ninyi. Nililipa yote kabla ya kazi.

Narudia, msije mkasema sikueleza: alicheka. Mama yangu, ambaye kelele hizo zinamnyima usingizi, amekaa pale pale, na hata kumwamkia hakumwamkia. "Kwa hela hii ulitaka studio?" Kisha akapokea simu yake, akaondoka akiongea, mlango kauacha wazi.

Naomba mnirudishie fedha zangu. Na si za sponji peke yake: gundi yenu inabanduka na rangi na lipu, kwa hiyo ukarabati wa kuta ni juu yenu. Fundi naye aje amwombe radhi mama yangu ana kwa ana. Ya simu siitaki.

Barua pepe zangu mmezinyamazia. Hii mkiinyamazia kwa siku 7, risiti pamoja na tangazo lenu la "sauti haitoki kabisa" vitafika kwa mamlaka ya kulinda walaji, na baada ya hapo tutaonana mahakamani, na fidia nitakayodai huko haitakuwa hii.

Mteja wenu